Nani Amekutuma? Historia ya Kiti cha 13 cha Seneti ya Illinois

Seneti ya jimbo la Illinois ina viti 59. Kiti cha 13 ni cha upande wa kusini wa Chicago, kando ya Ziwa Michigan, na kitovu chake kwa miaka mingi kimekuwa Hyde Park, mtaa wa maprofesa na nyumba kongwe za matofali. Kazi yenyewe haina makuu. Seneta wa jimbo si yule seneta wa Washington anayehojiwa usiku kwenye televisheni. Huyu anaendesha gari kilomita zipatazo 320 katikati ya mashamba ya mahindi na soya hadi Springfield, anakaa vikaoni kujadili bajeti za shule na sheria za magereza, kisha anarudi kwao kusikiliza nani hajapata nini. Ila kwa kuwa mmoja wa waliokikalia alikuwa mtoto wa Mkenya mwenye asili ya Kogelo, kiti hiki kimeandikwa zaidi kuliko vile vingine 58 vikiwekwa pamoja.

Wengi huandika kilimfikisha wapi. Mimi hunivuta zaidi mlango wa kuingilia. Tangu 1991 kimekaliwa na watu wanne: Alice Palmer, Barack Obama, Kwame Raoul na Robert Peters. Watatu kati yao waliteuliwa na wakuu wa chama kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Wa nne, Obama, alipita mchujo bila kupingwa kwa sababu wenzake wote walienguliwa au kujitoa kabla mpiga kura hajaiona karatasi ya kura. Na katika eneo hili aliyepitishwa na chama cha Democratic ameshashinda. Uchaguzi mkuu wa Novemba ni kukamilisha taratibu tu.

Hyde Park kilikuwa kitongoji chenye serikali yake hadi 1889 kilipounganishwa na jiji la Chicago. Mwaka uliofuata kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1893 maonyesho makubwa ya dunia yakafanyika Jackson Park, ufukweni mwa ziwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia familia za Weusi zilianza kumiminika kutoka majimbo ya kusini, zikikimbia umaskini na mauaji ya makundi ya watu, zikitafuta kazi kwenye viwanda vya nyama na chuma. Walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa mitaa, na wenye nyumba wa mitaa jirani wakatiliana saini hati za kukatazana kuuza au kupangisha kwa Mweusi. Familia ya Hansberry ilinunua nyumba ndani ya eneo la makatazo hayo, ikashtakiwa, na mwaka 1940 ikashinda mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani kwa hoja ya kiufundi. Binti wa nyumba hiyo, Lorraine, ndiye aliyekuja kuandika tamthilia ya A Raisin in the Sun. Makatazo yenyewe hayakupoteza nguvu ya kisheria hadi 1948.

Ukanda ule wa kubanwa ulizaa pia nguvu ya kura. Mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Illinois, John W. E. Thomas, alichaguliwa Chicago mwaka 1876, miaka 13 tu baada ya Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa, naye ndiye aliyeisukuma sheria ya haki za raia ya jimbo ya 1885. Wa kwanza kuingia Seneti, Adelbert Roberts, alichaguliwa 1924. Wote wawili walikuwa Warepublican, chama cha Lincoln. Kuhamia kwa Weusi upande wa Democratic kulikuja na Roosevelt na dhiki ya miaka ya 1930, na Chicago kuhamia huko kulikuwa na maana moja: kuingia kwenye mashine.

Mashine ndilo jina ambalo watu wa Chicago wenyewe walikiita chama chao. Kila kata ilikuwa na mkuu wa chama, kila mkuu alikuwa na kazi za serikali za kugawa, na kila aliyepewa kazi alidaiwa kura za mtaa wake. Abner Mikva, aliyekuja kuwa mbunge na jaji mkubwa, alikuwa mwanafunzi wa sheria mwaka 1948 alipoingia ofisi ya chama ya kata kujitolea kufanya kampeni. Akaulizwa: nani amekutuma? Akajibu kwamba hakuna. Akaambiwa hawamtaki mtu ambaye hakutumwa na mtu. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mara nyingi, na watu wa Chicago wanakinukuu hadi leo.

Mikva alichaguliwa kuingia Bunge la Illinois mwaka 1956 licha ya mashine, akaiwakilisha Hyde Park miaka kumi. Kilichomsaidia ni utaratibu wa ajabu uliodumu Illinois tangu 1870. Kila eneo lilitoa wajumbe watatu wa baraza la chini, na kila mpiga kura alikuwa na kura tatu ambazo aliweza kuzigawa au kumrundikia mtu mmoja zote. Watu wachache wenye msimamo wakirundika kura zao, mtu wao hupita, hata kama wakuu wa kata wamenuna. Kwa njia hiyo Hyde Park ilitoa Wademokrati wa kujitegemea, na hata Warepublican, miaka ambayo Chicago yote ilikuwa mfukoni mwa Meya Richard J. Daley.

Mwaka 1964 mambo yakawa vichekesho. Wanasiasa walishindwa kukubaliana juu ya mipaka mipya, kwa hiyo wajumbe wote 177 wa baraza la chini wakachaguliwa na jimbo zima kwa mpigo. Karatasi ya kura ilikuwa na urefu unaokaribia mita moja. Watu wakaiita shuka. Kila chama kilisimamisha wagombea 118, na wimbi la ushindi wa Rais Johnson likawabeba Wademokrati wote 118. Miongoni mwao alikuwamo wakili aitwaye Harold Washington. Mashine ndiyo iliyomwingiza, na baadaye akageuka kuwa mwiba wake: akapanda Seneti ya jimbo, akaenda Bunge la Washington, na mwaka 1983 akawa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago. Ushindi wa meya huyo ndio uliomfanya kijana mmoja mhitimu wa Columbia, New York, aitazame Chicago kama mahali pa kuhamia.

Kwenye Seneti eneo la Hyde Park lilishikwa kuanzia 1967 na Richard Newhouse, mzaliwa wa Louisville, mwanajeshi wa Vita vya Pili na mwanasheria aliyesoma palepale Chuo Kikuu cha Chicago. Aliingia kwa kura, akadumu miaka 24, na huyu naona hatendewi haki na historia. Mwaka 1975, Daley akiwa bado hai na bado anatisha, Newhouse alijitokeza kupambana naye katika mchujo wa umeya, Mweusi wa kwanza kuthubutu hivyo. Aliambulia chini ya asilimia 10. Lakini Washington alipogombea miaka minane baadaye, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Sura ya sasa ya mambo ilikuja mwaka 1980. Wapiga kura, wakiwa na hasira na wabunge waliojiongezea mishahara, waliunga mkono marekebisho ya katiba yaliyopigiwa debe na mwanaharakati aitwaye Pat Quinn. Wajumbe wa baraza la chini wakapunguzwa kutoka 177 hadi 118, kura za kurundika zikafutwa, na kila eneo la Seneti likakatwa vipande viwili, kila kipande na mjumbe wake mmoja. Mabadiliko yaliuzwa kama ushindi wa mwananchi. Matokeo yake ni kwamba ule upenyo aliopitia Mikva ulizibwa, na nguvu ya mwenye kuchora ramani ikaongezeka maradufu. Hata hivyo Hyde Park iliendelea kutoa watu wazito kwenye baraza la chini: Carol Moseley Braun, aliyekuja kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani, na Barbara Flynn Currie, aliyekaa miaka 40 na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza wabunge wa chama chenye wingi katika baraza hilo.

Newhouse alipostaafu mwaka 1991, kiti kilijazwa kwa utaratibu ambao bado unatumika. Seneta akiondoka katikati ya muhula, hakuna uchaguzi mdogo wa papo hapo. Wakuu wa chama wa kata zinazogusa eneo lile hukutana na kumteua mrithi, na uzito wa sauti ya kila mmoja hutegemea idadi ya kura ambazo kata yake hutoa ndani ya eneo. Wakamchagua Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati wa elimu aliyeheshimika sana upande wa kusini.

Mwaka 1995 mbunge wa eneo la 2 la Illinois katika Bunge la Washington, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya kingono na binti mdogo, akajiuzulu. Palmer alikuwa ameshatangaza kugombea nafasi hiyo, akamtambulisha hadharani mtu aliyetaka amrithi kwenye Seneti ya jimbo. Mtu huyo alikuwa Barack Obama, wakili wa umri wa miaka 34, mhadhiri wa sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye kitabu chake kuhusu baba yake Mkenya kilikuwa kimetoka miezi michache tu kabla. Alitangaza kugombea tarehe 19 Septemba katika hoteli ya Ramada hapo Hyde Park, Palmer akiwa pembeni yake akimmwagia sifa.

Tarehe 28 Novemba Palmer akashindwa mchujo wa ubunge. Jesse Jackson Jr., mtoto wa mchungaji maarufu, aliibuka wa kwanza. Emil Jones, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti ya jimbo, wa pili. Palmer wa tatu. Wazee wa siasa za upande wa kusini wakamwita Obama wakamwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa: ahadi ilikuwa ahadi, na yeye alishachangisha fedha na kukusanya watu.

Palmer akabaki na siku chache za kutafuta wadhamini. Sheria ilidai saini halali 757. Tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho, alirudisha fomu zenye saini zipatazo 1,580. Tarehe 2 Januari 1996 watu wa Obama waliingia ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago, wakaanza kuzipekua fomu karatasi kwa karatasi. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kusaini, saini haikubaliki. Huyu anaishi mtaa wa pili nje ya mpaka. Huyu jina lake limefutwa kwenye daftari la wapiga kura lililosafishwa hivi karibuni. Huyu aliyezungusha fomu mwenyewe hakujiandikisha. Hawakuishia kwa Palmer. Waliweka pingamizi dhidi ya wagombea wote wanne, na mmoja wao, Gha-is Askia, aliyerudisha saini 1,899, alipungukiwa na 69 tu. Palmer alijitoa kabla ya kuenguliwa. Machi Obama akapita bila kupingwa. Novemba akapata asilimia 82 dhidi ya wapinzani wawili wasio na nguvu. Januari 1997 akaapishwa.

Msomaji aliyefuatilia uchaguzi wa Tanzania hahitaji kuelezwa ladha ya kupita bila kupingwa. Sheria haikuvunjwa hata kifungu kimoja, na Obama alijitetea baadaye kwamba walizifuata tu kanuni zilizowekwa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu huyohuyo, mwaka 1992, alikuwa ameongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura Weusi wa Chicago ili sauti zao zisikike. Sioni haja ya kuvipatanisha viwili hivi. Wakati huo alikuwa mtu aliyetaka kiti. Palmer naye hakusahau: mwaka 2008, Obama alipogombea urais, alimuunga mkono Hillary Clinton.

Eneo alilolirithi lilikuwa na sura mbili. Mashariki, Hyde Park na Kenwood, kulikaa wasomi na wenye nazo. Magharibi liliingia Englewood, penye nyumba zilizopigwa misumari madirishani. Springfield alikuta Seneti iko mikononi mwa Warepublican, chini ya Pate Philip wa viunga vya DuPage, na miswada ya Wademokrati ilizikwa kamatini kabla ya kunusa ukumbi. Akajifunza kucheza poka na maseneta wa vijijini na viungani. Akasaidiwa na mzee Mikva, ambaye sasa naye alikuwa mtu wa kutuma watu, na mwaka 1998 akapewa kusimamia sheria ya maadili iliyowazuia wabunge kupokea zawadi za kifahari na kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi. Maseneta wa Chicago Rickey Hendon na Donne Trotter walimdhihaki kama msomi wa Harvard aliyejifanya mtu wa mtaani. Kwenye meza za Seneti kuna vitufe vitatu, kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana na cha manjano cha kusema nipo tu. Obama alibonyeza cha manjano mara 129, na wapinzani wake wakazihesabu zote ulipofika 2008.

Mwaka 2000 alitaka kuruka mapema mno. Alimvaa mbunge Bobby Rush, zamani kiongozi wa Black Panther, akachapwa kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Weusi wa kipato cha chini walimkataa. Waliomkubali walikuwa wazungu waliosoma.

Somo hilo lilionekana kwenye ramani. Kila baada ya sensa mipaka huchorwa upya, na katiba ya Illinois inasema vyama vikikwama, mjumbe wa kuvunja mkwamo hupatikana kwa kura ya bahati. Mwaka 2001 Waziri wa Jimbo, Jesse White, aliingiza mkono ndani ya mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln akatoa jina la Mdemokrati Michael Bilandic, meya wa zamani. Kwa karatasi hiyo moja Wademokrati wakapata miaka kumi ya mipaka. Ramani yao ilikuwa imeandaliwa mapema. Miezi kadhaa kabla, Obama alikaa mbele ya kompyuta Springfield na mtaalamu wa chama, John Corrigan, wakilichora upya eneo la 13. Mkia wa magharibi ulioingia mitaa ya maskini ukapunguzwa, na eneo likavutwa kaskazini kufuata ufuko wa ziwa, likapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, kwenye maghorofa ya matajiri. Weusi walibaki wengi, lakini sasa seneta alikuwa akiwawakilisha pia wachangiaji wakubwa wa fedha za siasa, wengi wao wazungu na Wayahudi. Waliokuwa wapiga kura wake Englewood wakakabidhiwa maseneta wengine bila kuulizwa.

Kati ya saini za 1996 na ramani hii, naiona ramani kuwa jambo zito zaidi. Saini zilimpa kiti. Ramani ilimpa watu wa kumbeba nje ya kiti.

Januari 2003 Wademokrati walichukua Seneti, na Emil Jones, aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu ya jiji, akawa rais wake. Jones mwenyewe amesimulia jinsi Obama alivyomwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani, na alipomuuliza nani huyo, akajibiwa: mimi. Miswada ikaanza kumpitia Obama mkononi, hata iliyohangaikiwa na wengine kwa miaka. Mmoja ulistahili sifa zote. Illinois ilikuwa imeaibika: kufikia Januari 2000 ilikuwa imewaachia huru watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa, mmoja zaidi ya iliowatekelezea hukumu hiyo tangu 1977, na Gavana George Ryan akasimamisha adhabu hiyo. Obama aliwaketisha pamoja polisi, waendesha mashtaka na wapinzani wa adhabu ya kifo, na mwaka 2003 Illinois ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulazimisha mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe.

Mwaka 2004 unajulikana: mchujo wa Machi wa kugombea Seneti ya Marekani, hotuba ya Boston ya Julai, asilimia 70 za Novemba.  Siku mbili baada ya uchaguzi alijiuzulu kiti cha jimbo. Siku mbili nyingine wakuu wa kata wakamteua Kwame Raoul.

Raoul, mwanasheria, mtoto wa daktari Mhaiti aliyetibu watu wa upande wa kusini kwa miaka mingi, hakuwa na haraka ya kwenda popote, na kwa kazi ya kutunga sheria nadhani alimzidi aliyemtangulia. Alikaa miaka 14. Januari 2011 aliupitisha Seneti mswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo, kwa kura 32 dhidi ya 25. Gavana aliyeutia saini Machi mwaka huo alikuwa Pat Quinn, yule mwanaharakati wa 1980. Quinn aliwabadilishia adhabu watu 15 waliokuwa wakisubiri adhabu hiyo. Miaka saba baadaye wawili hao walikutana kwenye mchujo wa kugombea Mwanasheria Mkuu wa Illinois, na Raoul akamshinda, akauchukua wadhifa huo na kukiacha kiti.

Januari 2019 wakuu wa kata wakakutana tena. Safari hii walimteua Robert Peters, mwanaharakati wa mitaani aliyezaliwa na tatizo la kusikia na kusema, akalelewa na wazazi wa kuasili. Alisukuma sheria ya kufuta dhamana ya fedha, ili asiye na hatia bado asilale rumande kwa umaskini wake tu. Ilitiwa saini Februari 2021, ikapingwa mahakamani, na tarehe 18 Septemba 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza kuachana kabisa na dhamana ya fedha.

Mwaka 2025 Peters alitangaza kugombea ubunge wa Washington katika eneo la 2, lile lile alilolitaka Palmer mwaka 1995. Miongoni mwa waliojitosa kushindana naye alikuwamo Jesse Jackson Jr.

Seneta yeyote wa eneo la 13 akiondoka katikati ya muhula, wakuu wa kata wana siku 30 za kumteua mrithi.